Kutoka Shingoni Hadi Mifupani: Wagonjwa Wasio na Majina Waliofundisha Dunia Safari ya Kansa ya Tezi

Ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku ya Jumamosi, macho yenyewe yanakimbilia shingoni. Huko ndiko kila kitu kinaning'inizwa: cheni za dhahabu na zile za kupaka, mitandio, tai za harusi, hereni zinazogusa bega. Mguu una suruali, tumbo lina dera, lakini shingo iko hadharani muda wote. Ndo maana uvimbe wa shingoni haujifichi. Staa akipiga picha na kauvimbe kadogo chini ya koromeo, saa moja haiishi watu washajaa kwenye komenti: huyu anasema mimba, yule anasema karogwa, mwingine anamshauri ale chumvi. Na dada wa dukani, ambaye hana hata wafuasi mia mbili, anajifunga mtandio mpaka Desemba na joto la Dar lilivyo, ili mteja asiulize.

Uvimbe ule mara nyingi ni goita, wazee wakiita rovu, na mara nyingi si kansa kabisa. Kati ya vinundu 100 vya tezi ya shingo vinavyochunguzwa hospitali, vinavyokutwa na kansa kwa kawaida havifiki 15. Lakini hao wachache ndio wenye stori ngumu, kwa sababu kansa ya tezi ina tabia za ajabu kuliko kansa nyingi. Inaweza kukaa kimya shingoni miaka 10 halafu ikajitokeza kwenye nyonga. Inaweza kutolewa yote kwa kisu, mtu akaoa, akazaa, akasahau, halafu ikampigia hodi mgongoni. Madaktari walichukua zaidi ya miaka 70 kuielewa tabia hii, na walioielewesha ni wagonjwa ambao leo hakuna anayejua majina yao.

Tuanze Ulaya kidogo halafu turudi nyumbani.

Uswisi ya zamani ilikuwa nchi ya goita. Milima, mvua nyingi, udongo ulioshwa mpaka madini joto yakaisha, na watu kule bondeni wakawa na mashingo makubwa kama mabuyu. Katika mji wa Bern alikuwepo daktari wa upasuaji, Theodor Kocher, ambaye alipasua mashingo kwa maelfu na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa fundi kwelikweli, mkono wake haukumwaga damu ovyo. Ila mwanzoni alikuwa akitoa tezi yote, akidhani haina kazi. Mwaka 1883 akawaita wagonjwa wake wa zamani awaangalie, na kilichorudi mlangoni kilimtisha. Binti mmoja aliyempasua akiwa mdogo alikuwa amedumaa, amevimba uso, akili nzito, anaongea polepole. Na hakuwa peke yake. Kumbe ile tezi iliyoonekana kama nyama ya ziada ndiyo inayoendesha mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, ukuaji, hata wepesi wa kufikiri. Kocher aliliandika kosa lake waziwazi, jambo ambalo madaktari wengi wa leo wangepeleka kwa mwanasheria kwanza.

Shika hilo moja: mtu asiye na tezi anapoa, ananenepa, anazubaa. Litahitajika mbele.

Wakati huohuo Ujerumani kulikuwa na fumbo lingine. Mwaka 1876 mtaalamu wa magonjwa aitwaye Julius Cohnheim alimpasua marehemu mmoja akakuta shingoni kuna goita ya kawaida, isiyo na dalili yoyote ya ubaya. Lakini ndani ya mifupa na mapafu kulikuwa na vinundu, na alipoviweka kwenye darubini akaona ni nyama ya tezi ya shingo. Tezi ya shingo ndani ya mfupa! Kwa miaka mingi jambo hili likaitwa goita inayosafiri, jina ambalo limewapumbaza watu kwa sababu linasema goita isiyo kansa inaweza kuhama kama mpangaji. Ukweli ni kwamba ile ilikuwa kansa tangu mwanzo. Ilikuwa na sura nzuri tu.

Hiyo ndiyo aina inayoitwa folikula. Seli zake zinafanana sana na seli nzima za tezi, kiasi kwamba hata leo daktari akichoma sindano na kuvuta seli chache hawezi kuitofautisha na uvimbe usio na madhara. Inabidi uvimbe utolewe, ukatwe vipande, utazamwe ganda lake. Kama seli zimetoboa ganda na kuingia kwenye mishipa ya damu, basi hiyo ni kansa. Na njia yake ndiyo hiyohiyo: damu. Inaingia kwenye mshipa mdogo shingoni, inapelekwa moyoni, inasukumwa kwenye mapafu, na inayopita inakwenda kutua kwenye mifupa yenye damu nyingi kama uti wa mgongo, nyonga, mbavu na fuvu. Wapo watu ambao hawajawahi kulalamikia shingo hata siku moja. Wanakwenda hospitali kwa sababu mguu umevunjika wakiwa wanashuka tu ngazi, au mgongo unauma usiku, na mfupa ukichunguzwa unakutwa na tezi ndani yake.

Aina ya pili, papilari, ndiyo ya kawaida zaidi duniani, karibu 80 katika kila kansa 100 za tezi, na wanawake wanaipata mara tatu hivi kuliko wanaume. Yenyewe haipendi sana damu. Inapita kwenye mirija ya limfu na kutua kwenye tezi ndogondogo za pembeni ya shingo, zile zinazovimba mtu akiumwa mafua makali. Hapa napo madaktari walijikwaa vizuri tu. Walipokuwa wakikuta nyama ya tezi pembeni kabisa ya shingo, mbali na mahali pake, waliamini kwamba ni tezi iliyopotea njia mtoto akiwa tumboni. Yaani mtu kazaliwa nayo, haina shida. Waliitoa, wakamwambia mgonjwa arudi nyumbani akale ugali. Kwenye miaka ya 1940 ndipo madaktari wa upasuaji, hasa wa Marekani, walipoanza kufungua upande wa tezi uliokuwa karibu na kile kinundu na kukuta humo kansa ndogo mno, wakati mwingine kama punje ya mtama. Haikuwa imepotea njia. Ilikuwa imetumwa. Hesabu wenyewe ni wagonjwa wangapi kabla ya hapo walirudishwa nyumbani na mbegu bado iko ndani.

Zipo nyingine mbili za kupita haraka. Medula inatoka kwenye seli tofauti za tezi na baadhi ya familia hurithishana, ndo maana ikimpata mmoja ndugu nao wanapaswa kupimwa. Na anaplastiki ni adimu, huwapata zaidi wazee, na haina subira. Haingoji damu wala limfu, inasukuma ukuta na kuvamia bomba la hewa na umio, sauti inakauka, na ndani ya miezi michache mambo yanakuwa yamekwisha.

Sasa njoo kwa mtu mmoja aliyebadilisha kila kitu. Kwenye maandishi ya kitabibu anaitwa B.B. Basi. Herufi mbili. Alikuwa mgonjwa wa hospitali ya Montefiore, New York, na kisa chake kilikuwa hivi: mwaka 1923 alitolewa tezi ya shingo. Miaka ikapita, zaidi ya 15, akaanza kukonda. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto halimwishi, anakula na bado anakwisha. Hizo ni dalili za mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Ila huyu tezi hana! Kwa somo la Kocher, mtu kama huyu alitakiwa awe amevimba na kuzubaa. Na juu ya yote ana maumivu makali ya mgongo.

Jibu lilikuwa ndani ya mgongo wenyewe. Ile kansa iliyotolewa mwaka 1923 ilikuwa imeshatuma mbegu zake kabla ya kisu. Mbegu zikatua mifupani, zikakua polepole miaka yote ile, na hazikusahau kazi ya ukoo wao. Zikiwa kwenye uti wa mgongo ziliendelea kutengeneza homoni ya tezi kama vile bado ziko shingoni, tena bila breki. B.B. alikuwa akiendeshwa na mifupa yake.

Daktari wake, Samuel Seidlin, alikuwa anafahamu kwamba tezi inatengeneza homoni yake kwa kutumia madini joto, na kwamba hakuna kiungo kingine mwilini kinachoyavuta kwa pupa kama hiyo. Miaka michache kabla, mwaka 1941, daktari mwingine wa Boston, Saul Hertz, alikuwa ameshawanywesha wagonjwa wa tezi madini joto yenye mionzi ili kuituliza tezi iliyozidisha kasi. Seidlin na wenzake wakajiuliza: kama seli za mgongoni bado zinafanya kazi ya tezi, si zitakunywa pia? Mwaka 1943, vita ya dunia ikiwa imepamba moto, B.B. akapewa dawa ile ya kunywa. Wakapitisha kipima mionzi juu ya mwili wake kama vile mlinzi wa uwanja wa ndege anavyopitisha kifaa chake leo. Kilipofika penye maumivu, kikalia. Kilikuwa kinaonyesha moja baada ya moja mahali kansa ilikojificha, hata palipokuwa hapajulikani.

Na si kuonyesha tu. Zile seli zilikunywa sumu yao wenyewe. Maumivu yakapungua, mwili ukarudi, na Desemba 1946 kisa kikachapishwa kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani na kuzua tafrani. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaanza kugawa isotopu zilizotengenezwa kwenye tanuri la nyuklia la Oak Ridge. Teknolojia ileile iliyozaliwa pembeni ya bomu ikaingia wodini. Magazeti yaliandika kama vile kansa yote imepata dawa, na hapo waliongopa. Dawa hii inafanya kazi kwa zile aina zinazokumbuka bado kunywa madini joto, yaani papilari na folikula. Medula haijawahi kuyanywa, na anaplastiki imeshasahau.

Sasa turudi nyumbani, maana huku nako kuna hesabu.

Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na watu wasio na majina: wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha wabeba mizigo, ambao Dar es Salaam ilipochukuliwa mwaka 1916 kambi yao ilikuwa hapo. Leo wanaofanya biashara pale wametoka kila kona, na mojawapo ya makabila yanayosifika kwa maduka ya Kariakoo ni Wakinga kutoka Makete, nyanda za juu kusini. Kule ni kuzuri, baridi, viazi, misitu. Ila ni mkanda wa goita. Iringa ya zamani (Njombe ikiwa bado haijawa mkoa), Mbeya, Rukwa na Ruvuma, mvua na mteremko vimeosha madini joto kwenye udongo kama ilivyokuwa Uswisi. Kinachoota hapo hakina, ng'ombe anayekula majani hapo hana, na mtu anayekula vyote viwili hana. Tezi inapokosa malighafi inajitanua ili ikusanye hata kidogo kilichopo. Hiyo ndo goita.

Na mahali penye upungufu wa muda mrefu, kansa ya tezi inapotokea, ile ya folikula, yenye kupanda damu hadi mifupani, inakuwa na fungu kubwa zaidi kuliko kwingine. Nchi zilizotia madini joto kwenye chumvi, Uswisi ikianza mwaka 1922 na Marekani mwaka 1924, ziliona mizani ikigeuka baada ya muda: folikula ikapungua fungu lake, papilari, ambayo kwa kawaida ni rahisi kutibika, ikachukua nafasi. Yaani kijiko cha chumvi kilibadilisha hadi njia ambayo kansa inapita mwilini.

Tanzania tulianza na vidonge. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973 na ambayo makao yake yalikuwa pale Ocean Road ufukweni, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia mwaka 1986 kwenye wilaya zilizokuwa na hali mbaya. Watoto, vijana na kina mama walipewa, na dozi moja ilitakiwa ikae mwilini mwaka hadi miwili. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya chumvi: mzalishaji atie madini joto. Wachumi wa Marekani waliwahi kuwafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati mama zao wamemeza vile vidonge wakasema walisoma zaidi shuleni kuliko wenzao. Wengine wakarudia hesabu wakasema si hivyo. Mabishano ya wasomi hayo. Lakini shingo za kule juu zilianza kupungua, na hilo halikuhitaji msomi kuliona.

Kuna imani moja mjini ya kusahihisha hapa, maana inasikika mpaka leo sokoni: kwamba chumvi ya mawe ya baharini, ile ya Bagamoyo, ina madini joto yake ya asili kwa hiyo haina haja ya kuongezwa. Haina. Bahari inayo, samaki anayo, mwani unao. Ila chumvi ikishakauka juani inabakiwa na kiasi kidogo mno. Ile ya Uvinza, ambayo watu wa Ziwa Tanganyika walikuwa wakiichemsha na kuiuza tangu kabla ya mkoloni, nayo inahitaji kutiwa.

Sasa mtu akishapata kansa yenyewe, anaelekea wapi? Ocean Road hiyohiyo. Lile jengo jeupe la ufukweni lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, na Robert Koch, mgunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, alifanyia utafiti wake hapa Dar mwaka 1897 na 1898. Halikuwa la Waswahili. Lilikuwa la Wazungu, wapigwe na upepo wa bahari. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao iliyotokana na mchango wa tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, ambayo mwaka 1956 ilirithiwa na Princess Margaret, leo Muhimbili. Mwaka 1996 Ocean Road ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea kwa sheria. Nyumba iliyojengwa ili mtu mweusi asilale humo ndiyo leo inapokea mabasi ya rufaa kutoka Songea mpaka Kigoma.

Wengi wanafika wamechelewa. Njiani wamepitia mengi: chale za shingoni, dawa ya kupaka, maji ya upako. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu aliyekuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500, na kwenye foleni ile saratani ilikuwepo pamoja na kisukari na Ukimwi. Kwa mwenye papilari, ambayo inatembea polepole, ucheleweshaji wa mwaka mmoja unaweza kusameheka. Kwa mwenye uvimbe mgumu unaokua kwa wiki, sauti imekauka na chakula kinakwama, mwezi mmoja ni mwingi.

Tiba yenyewe kwa papilari na folikula bado ni ileile ya B.B. iliyoboreshwa. Kwanza kisu, tezi inatoka, na daktari anakuwa makini na mshipa wa fahamu wa sauti unaopita nyuma yake, ukikatwa mtu anabaki ananong'ona. Halafu, kwa wanaohitaji, madini joto yenye mionzi, kidonge au maji ya kumeza, yasiyo na ladha ya maana. Nusu ya nguvu yake inakwisha kila baada ya siku 8. Siku za mwanzo mgonjwa mwenyewe anatoa mionzi: mkojo, jasho, mate. Anakaa peke yake, na akirudi nyumbani anaambiwa alale chumba chake, atumie choo chake, akae mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa siku kadhaa.

Na hapa ndipo maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za New York yanapokutana na nyumba ya kupanga ya Kariakoo au Ilala: chumba kimoja, pazia katikati, watoto watatu, choo kimoja cha wapangaji sita. Mama anatakiwa asimbebe mwanawe wiki nzima na hana pa kumpeleka. Wengine wanakwenda kukaa kwa shangazi. Wengine hawasemi kitu, kwa sababu neno mionzi likitoka tu mwenye nyumba anataka chumba chake.

Baada ya hapo ni kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula chochote, maisha yote, kufanya kazi ambayo yule binti wa Bern alikosa kitu cha kumfanyia. Na kurudi kliniki, hata baada ya miaka 15, kwa sababu B.B. alirudi baada ya miaka 15.

Sokoni Kariakoo chumvi bado inauzwa ya aina mbili. Ipo ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, na ipo ya mawe kwenye kiroba kilichofunguliwa mdomo, haina jina la mzalishaji, inapimwa kwa kopo na kufungwa kwenye gazeti. Ya kopo ni rahisi zaidi. Asubuhi wenye vigenge wanainunua kwa wingi.